Rangi, Umri na Hali ya Kinyonga: Mhadhara juu ya Mnyama wa Vichaka vya Nungwi

Kinyonga anayepatikana katika vichaka vya Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, ni wa spishi ambayo wataalamu wa elimu ya wanyama huiita Chamaeleo dilepis, jina iliyopewa mwaka 1819. Spishi hii imeenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, na hutambulikana kwa vipande viwili vya ngozi vilivyolala kisogoni, ambavyo mnyama huviinua anapotishwa, na kwa safu ya vijimiba vyeupe inayoanzia kidevuni na kushuka katikati ya koo hadi tumboni. Wapo watu wanaomkamata na kumweka nyumbani kwa siku chache au kwa miezi, na wapo, hasa katika mashamba ya viungo yanayotembelewa na watalii, wanaomtembeza mkononi ili wageni wamwone akibadilika rangi. Mhadhara huu unahusu kile ambacho rangi hiyo huarifu. Hoja inayojengwa ni kwamba rangi ya kinyonga ni habari ya mwili wake, yaani joto lake, hofu yake, afya yake na hali yake ya uzazi, na kwamba habari hiyo haisomeki sawasawa mpaka msomaji ajue kwanza mnyama ana umri gani, ni dume au jike, na ni saa ngapi za siku; bila ya mambo hayo matatu, rangi ileile moja yaweza kuwa dalili ya uzima kwa mmoja na dalili ya mauti kwa mwingine.

Imani iliyoenea ni kwamba kinyonga huiga rangi ya kila anapokanyaga, na ndiyo maana katika mazungumzo ya kila siku mtu asiyeshika msimamo huitwa kwa jina la mnyama huyu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe tu. Kinyonga wa pwani kwa kawaida ni kijani, manjano au hudhurungi, ambazo ni rangi za majani mabichi, majani makavu na magome, na kwa hiyo hufichika vizuri mahali anapoishi bila ya kulazimika kubadilika. Akiwekwa juu ya kanga nyekundu hatakuwa mwekundu, na akiwekwa juu ya jamvi la rangi mbili hatatoa miraba. Atakachofanya ni kutoa rangi ya mnyama aliyekamatwa, na mtazamaji aliyekwisha kuamini kuwa anaiga ataona mwigo hata pasipokuwapo. Wahenga wa elimu hawakuwa mbali na ukweli kwamba rangi hiyo hutoka mwilini mwake. Aristotle, katika maandishi yake juu ya wanyama, alieleza mabadiliko ya rangi ya kinyonga akiyahusisha na kujijaza kwake hewa, yaani na jambo linalotokea ndani ya mwili wenyewe, na katika fasihi ya Kiarabu, ambako kinyonga huitwa hirbau, sifa yake kubwa ni kuligeukia jua na kulifuata linavyokwenda, sifa ambayo, kama itakavyoonekana, iko karibu zaidi na ukweli wa rangi zake kuliko ile ya kuiga.

Katika zama hizi, mwaka 2008, watafiti Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli walichapisha uchunguzi juu ya vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika wa jenasi Bradypodion, ambamo walilinganisha aina nyingi zilizo na asili moja ili kujua ni nini kilichozisukuma baadhi yao kupata uwezo mkubwa wa kubadilika. Kama kusudi la awali lingekuwa kujificha, ingetarajiwa kwamba wenye uwezo mkubwa wangekuwa wale wanaoishi mahali penye rangi nyingi za kujilinganisha nazo. Haikuwa hivyo. Wenye uwezo mkubwa walikuwa wale ambao hutumia ishara zilizo wazi zaidi katika kuonyeshana wao kwa wao, dume kwa dume na dume kwa jike. Watafiti haohao waliona pia kwamba kinyonga hujificha kweli anapomwona adui, na hata hupima adui ni nani, kwani hujilinganisha na mazingira kwa uangalifu zaidi mbele ya ndege kuliko mbele ya nyoka, ambaye macho yake hayachambui rangi vizuri kama ya ndege. Kwa hiyo kujificha kupo, lakini hakutoshi kueleza kwa nini mnyama mwenye rangi ya jani aweze, kwa dakika chache, kujitokeza mtini kwa madoa na mistari ambayo kila mwenye macho ataiona.

Namna mabadiliko hayo yanavyotokea inastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo uhusiano wa rangi na umri. Ngozi ya kinyonga ina utando wa juu usio na rangi kubwa, na chini yake zimepangwa tabaka za seli, yaani vile vijumba vidogo mno ambavyo mwili wote umejengwa kwavyo. Zipo seli zenye chembe za rangi ya manjano na nyekundu. Zipo seli za weusi, ambazo hubeba melanini, dutu ileile inayoitia weusi ngozi na nywele ya mwanadamu. Seli hizi zina matawi yanayopanda juu kupita kati ya seli nyingine, na melanini inapotawanyika hadi ncha za matawi mnyama huwa mweusi, na inaporudi na kukusanyika katikati weusi huondoka. Kati ya tabaka hizo mbili ziko seli ambazo hazina rangi yoyote ya kupaka, bali zimejaa fuwele ndogo sana za guanini, na fuwele hizo hutoa rangi kwa kuurudisha mwanga, sawa na utando mwembamba wa dizeli juu ya maji ya bandarini unavyotoa buluu na zambarau ilhali dizeli yenyewe haina rangi hizo.

Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, akiwamo Jérémie Teyssier na Michel Milinkovitch, lilieleza kwamba kinyonga chui wa Madagaska, Furcifer pardalis, hubadilika rangi kwa kusogeza fuwele hizo. Anapokuwa ametulia, fuwele za tabaka ya juu hukaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa buluu, nao ukipita katika seli za manjano hutoka kijani. Anapohamaki kwa kumwona dume mwenzake au jike, fuwele huachana, na mwanga unaorudi huwa wa manjano, wa rangi ya chungwa, hata mwekundu. Tabaka ya pili, iliyo chini zaidi na yenye fuwele kubwa zisizo na mpangilio mkali, hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, na watafiti wakaona kuwa kazi yake yaelekea kuwa ni kumkinga mnyama na ukali wa jua. Jambo ambalo mfugaji hana budi kulishika katika uchunguzi huo ni hili: tabaka ya juu, ile ya maonyesho, hukamilika kwa madume waliopevuka, na kwa watoto na majike ni pungufu. Mtoto wa kinyonga asiyetoa rangi za kupendeza si mgonjwa, wala hakunyimwa chakula. Hajawa na chombo cha kuzitolea.

Baada ya ujenzi wa ngozi, jambo la pili la kuzingatia ni saa. Kinyonga hana joto la kujitengenezea mwilini kama alilonalo paka au binadamu, na analolipata hulichuma juani. Asubuhi, hasa katika miezi ya kusi ambapo upepo wa Nungwi huwa wa baridi kabla jua halijapanda, kinyonga hutoka mafichoni akiwa amekolea kiza, akajibapaza ubavu mmoja kuelekea jua, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto kwa haraka zaidi. Akishapata joto la kumtosha, weusi humtoka na kijani hurudi. Kinyonga wa jangwa la Namib hulifanya jambo hili kwa namna iliyo wazi zaidi, kwani huwa karibu mweusi kabisa alfajiri, na huwa wa rangi hafifu mchana wakati mchanga unapowaka. Weusi wa asubuhi, basi, ni wa kutarajiwa. Weusi unaobaki hadi saa sita mchana, kwa mnyama aliyekwisha kupata jua na maji, ni jambo la kutia wasiwasi.

Usiku hali hugeuka. Kinyonga aliyelala hupauka, akawa kijani hafifu kinachokaribia weupe, na kwa kuwa hulala kwenye ncha za vijiti vyembamba, mahali ambapo nyoka hawezi kumfikia bila ya kukitikisa kijiti na kumwamsha, mwanga wa tochi ukipita juu ya kichaka humnasa mara moja. Ndiyo sababu watafiti wanaotaka kujua idadi ya vinyonga katika eneo fulani huwahesabu usiku. Mtu wa Nungwi anayepita na tochi kando ya vichaka vya maweni, yaani ile ardhi ya mawe ya matumbawe iliyoko nyuma ya mji, anaweza kumwona aliyemkosa mchana kutwa: mkia umekunjwa kwa duara, macho yamefumbwa hata kijitundu cha katikati hakionekani, miguu imekibana kijiti kwa vidole vilivyogawanyika viwili kwa vitatu. Anayemfuga nyumbani akimkuta usiku ana rangi ya mchana, tena iliyokolea, ajue kuwa mnyama hakulala, ama kwa sababu taa haikuzimwa ama kwa sababu kuna kinachomsumbua.

Umri wa kinyonga haupimwi kwa rangi peke yake, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu hudhani kwamba rangi hukolea kwa kadiri miaka inavyoongezeka. Mifano miwili, mmoja wa ng'ambo ya bahari na mmoja wa bara, yatosha kuonyesha kuwa mambo hayaendi hivyo. Kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, ambaye asili yake ni milima ya Yemen na kusini-magharibi ya Saudia na ambaye ndiye anayefugwa sana majumbani huko Ulaya na Marekani, huanguliwa akiwa kijani kitupu, na kile kilemba kirefu cha mfupa alichonacho kichwani akiwa mkubwa hakipo isipokuwa kwa dalili ndogo. Hata hivyo jinsia yake hujulikana tangu siku ya kwanza, kwa sababu dume huzaliwa na kijinundu kidogo nyuma ya kila wayo wa mguu wa nyuma, na jike hana. Baada ya wiki na miezi mistari ya manjano na buluu huanza kujitokeza ubavuni, kilemba hupanda, na kwa wanaolishwa vizuri upevu, yaani uwezo wa kuzaa, hufikiwa baina ya miezi 4 na 6, hali mwili ungali unakua. Mfano wa pili ni kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru kaskazini mwa Tanzania. Huyu hatagi mayai. Huzaa watoto hai, na watoto hao huwa wa rangi ya hudhurungi na weusi wenye alama nyeupe, ambayo ni rangi ya vijiti na uchafu wa miti, na kijani cha utu uzima huwajia baada ya miezi kadhaa, huku pembe za dume zikichomoza kidogo kidogo kutoka kwenye vivimbe visivyopita ukubwa wa punje ya mtama. Mmoja huanza kijani na kuongeza nakshi, mwingine huanza na rangi ya udongo na kuishia kijani. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya rangi na umri itakayowafaa vinyonga wote.

Kuna mabadiliko mengine ya rangi yanayoandamana na ukuaji ambayo huwatisha wafugaji bila ya sababu. Kinyonga, kama nyoka, hujivua gamba, lakini havui ngozi nzima kwa pamoja. Ngozi huchanika vipande vipande, na siku moja au mbili kabla ya hapo mwili wote hufifia, ukaingia ukungu mweupe, kijani kikawa cha kijivu. Mtoto anayekua kwa kasi hujivua mara kwa mara, kila baada ya wiki chache, na mkubwa hujivua kwa nadra. Mfugaji anayeweka kumbukumbu za kujivua huko atauona ukuaji ukipungua, na atapata kipimo cha umri kilicho cha kuaminika kuliko wekundu au ukijani. Vipande vilivyoganda havifai kubanduliwa kwa kucha, kwa sababu ngozi iliyo chini haijakomaa. Unyevu wa kutosha huviachia vyenyewe, isipokuwa vile vinavyozunguka vidole na ncha ya mkia, ambavyo vikikauka mahali hapo huweza kuikaba damu isipite.

Dume akishapevuka, rangi huwa ndiyo kauli yake. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha uchunguzi wa mapambano ya madume wa kinyonga wa Yemen, ambamo waligundua kuwa sehemu mbalimbali za mwili husema mambo mbalimbali: dume ambaye mistari ya ubavu wake iling'aa zaidi ndiye aliyeelekea kumsogelea mwenzake, na ambaye kichwa chake kiling'aa zaidi na kwa kasi zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Aliyeshindwa alififia na kuwa na kiza, na kiza hicho, kama Ligon alivyoeleza baadaye, ni ishara ya kusalimu amri inayompunguzia mashambulizi. Faida ya utaratibu huu kwa mnyama ni kubwa, kwani vita vingi huisha kabla ya meno kutumika. Lakini utaratibu huo umejengwa juu ya sharti kwamba aliyeshindwa anaweza kuondoka. Vinyonga wawili wanapofungiwa tundu moja, kama wafanyavyo watu wanaodhani kuwa mmoja atakuwa mpweke, mnyonge husalimu amri leo, kesho na keshokutwa, hubaki na kiza mchana kutwa, huacha kula, na mwenye nyumba huambiwa kuwa mnyama wake ni wa rangi nyeusi. Kioo cha ukutani kinaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa kinyonga humwona ndani yake dume asiyeondoka na asiyeshindwa.

Jike ndiye anayesomwa vibaya kuliko wote, na kwa kuwa kumsoma vibaya humgharimu maisha, inafaa mhadhara ukae hapa kwa muda. Kwa jike wa kinyonga wa Yemen upevu huja na alama mbili tofauti. Anapokuwa tayari kupokea dume, madoa ya buluu laini hujitokeza ubavuni na mwili hubaki kijani kilichotulia. Akishapandwa, ndani ya muda mfupi hubadilika kabisa: mwili huwa kijani cha kiza kinachokaribia weusi, na juu yake husimama madoa ya manjano na ya buluu ya feruzi yaliyokolea, dume yeyote akimkaribia hufungua kinywa, hufoka na kuyumba. Rangi hizo, ambazo kwa macho ya binadamu ni nzuri kuliko zote alizowahi kuonyesha, maana yake ni kwamba ana mayai tumboni na hataki kuguswa. Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba jike wa spishi hii hutunga na kutaga mayai hata kama hajakutana na dume maisha yake yote, kama kuku atagavyo bila ya jogoo, tofauti ikiwa mayai hayo hayataanguliwa. Kwa hiyo mwenye jike mmoja peke yake hasalimiki na jukumu la kumwandalia mahali pa kutagia.

Mahali hapo ni udongo. Kinyonga wa Nungwi, ambaye naye hutaga, akiwa na mayai huongezeka unene wa tumbo hata vivimbe huonekana chini ya ngozi, hupunguza kula, kisha hufanya jambo ambalo katika siku nyingine hulikwepa, nalo ni kushuka mtini na kutembea ardhini mchana kweupe. Hutafuta udongo wenye unyevu unaochimbika, huchimba kwa kichwa na miguu, hutaga makumi ya mayai, hufukia, hushindilia, kisha hurudi mtini akiwa amekonda na ngozi imelegea mbavuni, na mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Katika ardhi ya maweni ya kaskazini ya Unguja kazi hii si nyepesi, kwa sababu mwamba wa matumbawe uko juu na udongo hukusanyika katika mifuko na mashimo ya mawe tu, ileile mifuko ambamo wakulima hupanda mihogo na mtama. Jike hulazimika kwenda mbali, kukata njia na barabara, kwa mwendo wake wa kusitasita. Wengi wa vinyonga wanaookotwa ardhini na kuletwa nyumbani wako katika safari hiyo. Anayemwokota humwona mzito, mwenye rangi kali na mwenye hasira, akadhani amepata mnyama mwenye afya njema, akamtia ndani ya ndoo au kapu lenye majani. Naye jike, akikosa pa kuchimba, huzuia mayai, na mayai yakizuiwa siku nyingi hukwama, na kukwama huko humuua. Mwenye kumfuga jike anatakiwa kumwekea chombo kipana chenye mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu wa kiasi cha kutoporomoka unapochimbwa, kina chake kisichopungua shibiri moja, na asimchungulie wakati wa kuchimba, kwani akijiona anatazamwa huacha shimo. Mwenye kumwokota njiani ana wajibu mwepesi zaidi, nao ni kumvusha upande aliokuwa akielekea na kumwacha aende.

Baada ya kueleza dume na jike, yaweza kusemwa kwa uhakika ni nini hutokea kinyonga anapopitishwa mkono kwa mkono mbele ya wageni. Kwanza hujaza hewa na kujibapaza ili aonekane mkubwa. Huinua vipande vya kisogoni. Madoa meusi hutokea juu ya kijani. Koo hutanuka na ngozi iliyokuwa imejificha kati ya magamba huonekana kwa manjano na rangi ya chungwa. Kinywa hufunguka na kuonyesha wekundu wa ndani. Watazamaji hufurahi kwa sababu rangi zimetoka. Kila moja kati ya rangi hizo ni ya hofu, na mnyama akiendelea kushikwa huzimaliza zote, akaingia katika kile kiza cha kusalimu amri ambacho mtembezaji hukiita kuchoka. Ifahamike pia kwamba kufoka na kuuma kwake si hatari, kwani kinyonga hana sumu ya aina yoyote, wala mate yake wala pumzi yake. Hofu ambayo imewafanya watu wengi wa mwambao wamwue kwa mawe, au wamwone kuwa ni nuksi akionekana uani, haina msingi katika mwili wake. Kati ya anayemwua kwa kumwogopa na anayemtembeza kwa kumpenda, kinyonga hana wa kumkimbilia, na tofauti kati yao kwake yeye ni ya muda tu.

Rangi za ngozi peke yake, hata zikisomwa vizuri, hazielezi hali yote ya mgonjwa, na mfugaji makini hutazama pia mambo mengine mawili. La kwanza ni rangi ya choo. Kinyonga hatoi mkojo wa maji, bali hutoa uchafu wa figo kama donge laini liitwalo urati, na donge hilo likiwa jeupe mnyama ana maji ya kutosha, likiwa la manjano ya kiza au rangi ya chungwa ana kiu. Kiu ni jambo la kawaida kwa kinyonga wa kufugwa kwa sababu mara nyingi hayatambui maji yaliyotulia katika bakuli. Hulamba matone yanayoning'inia majani baada ya umande au mvua, na mfugaji hana budi kuyanyunyizia majani asubuhi na jioni. La pili ni hali ya macho, ambayo yakizama ndani, au yakifumbwa mchana, huonyesha udhaifu ambao ngozi yaweza bado kuuficha chini ya kijani kizuri. Mtoto anayekua ana haja zaidi ya jua lenyewe, si mwanga uliopita kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo huizuia mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo ngozi huitumia kutengenezea vitamini D, na bila ya vitamini hiyo chokaa ya chakula haiingii mifupani. Miguu ikapinda, taya likalainika, ulimi ukashindwa kuruka. Pwani ya Nungwi haina upungufu wa jua, na maradhi haya huko hayana sababu ya kuwapo isipokuwa mnyama amefungiwa ndani. Lakini jua lilelile, kwa aliyetiwa ndani ya chupa au ndoo isiyo na kivuli, huua mapema zaidi kuliko njaa.

Kuhusu sheria, maelezo mafupi yatatosha. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini, ambao unaweka mipaka kwa biashara ya kinyonga huyu nje ya nchi, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda ng'ambo, baada ya miaka mingi ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinyonga, wakiwamo wale wa milima ya Usambara ambao hawapatikani kwingine duniani. Misitu na wanyamapori wa Zanzibar wako chini ya mamlaka ya Zanzibar yenyewe, na mwenye nia ya kufuga anapaswa kuuliza huko kwanza. Kwa anayetaka kumtazama tu, Unguja ina bustani ya ZALA ya Muungoni, upande wa kusini, iliyoanzishwa kwa ajili ya kuwaonyesha watu wanyama wa nchi kavu wa kisiwa hiki, na ina vichaka vya mashamba, ambamo hakuna kiingilio cha kumtazama aliyelala.

Linabaki suala la uzee, ambalo ndilo lenye giza zaidi kwa mwenye kumpata kinyonga akiwa tayari mkubwa. Spishi hutofautiana mno. Furcifer labordi wa Madagaska, kama ilivyoelezwa na watafiti mwaka 2008, hukaa ndani ya yai miezi 8 au 9, na baada ya kuanguliwa huishi miezi 4 au 5 tu, hivi kwamba katika sehemu kubwa ya mwaka spishi nzima ni mayai yaliyofukiwa. Kinyonga wa Yemen huishi miaka kadhaa, na jike kwa kawaida hutangulia kufa kuliko dume kwa sababu kila mkupuo wa mayai humla mwilini. Jike aliyelishwa kupita kiasi hutaga mayai mengi zaidi na kwa hiyo huishi kidogo zaidi, jambo ambalo humshangaza mfugaji aliyeona fahari kumshibisha. Kwa mzee, madoa ya ushindani hupungua kukolea, kujivua gamba huwa kwa nadra na kwa shida, na mshiko wa vidole hulegea, lakini dalili hizi zote hufanana na za mgonjwa kijana. Hakuna rangi itakayowatenganisha wawili hao. Kinachowatenganisha ni daftari: tarehe aliyopatikana, urefu wake siku hiyo, uzani wake kila wiki, siku alizojivua, siku alizotaga, na mbele ya kila rangi isiyo ya kawaida, saa iliyoonekana na kitu ambacho macho yake yalikuwa yakikitazama.